Wenye mashine za kukamua alizeti, mafuta yetu mnatuachia kwenye mashudu!

Wakuu, nimetoka mashineni sasa hivi huku Singida, hasira imenishika hadi mikono inatetemeka.

Nimepeleka magunia 6 ya alizeti, mbegu ya Record, nimeyaanika juani siku nne. Nilipima mwenyewe: kilo 65 kila gunia, jumla 390. Mwaka jana mashine nyingine ilinipa lita 17 kwa gunia. Leo nimeondoka na madumu matatu ya lita 20. Lita 60 tu! Yaani lita 10 kwa gunia!

Namuuliza kijana wa mashine, ananijibu, "Mzee wangu, alizeti yako haina mafuta." Nikachota mashudu, yale makapi ya mbegu yanayobaki baada ya kukamua, yakiwa bado ya moto, nikayafunga kwenye karatasi ya daftari la mwanangu, nikaminya. Karatasi ikalowa mpaka vidole vikaonekana upande wa pili. Haina mafuta? Hayo ni nini? Mashudu yaliyokamuliwa sawasawa hutoka vipande vyembamba, vikavu, ukikunja vinakatika. Haya yalikuwa manene na malaini. Ama wamelegeza koni ya mwisho inayobana mashudu yakitoka, ama skrubu inayosukuma na kuminya mbegu imelika na hawataki kununua nyingine.

Kumbe mchezo uko mbele. Naomba mashudu yangu nipakie, naambiwa utaratibu wa hapa mashudu ni ya mwenye mashine. Na hela ya kukamua nimeshalipa kamili! Kabla ya kumwaga gunia la kwanza hakuna aliyetamka habari ya mashudu, na ukutani hakuna hata tangazo.

Pigeni hesabu. Lita moja ya mafuta ina uzito wa gramu 920 hivi, kwa hiyo mimi nimebeba kilo 55. Zaidi ya kilo 300 zimebaki kwake, zimejaa mafuta yangu. Atawauzia wafugaji, au viwanda vikubwa vinavyokamua mashudu tena kwa kemikali. Mke wangu ameinama miezi na jembe, halafu mtu anakula mara mbili kwa kubonyeza swichi!

Walionifuata kwenye foleni walikuwa akina mama wawili na gunia moja moja. Niliwaonyesha ile karatasi. Mmoja akabeba gunia lake akaondoka.

Nina magunia mengine 4 ndani. Mwenye kujua mashine ya Singida mjini au njia ya Iguguno inayopima mbele ya mteja na kumpa mashudu yake, aitaje hapa. Kesho asubuhi napakia.