Kamera ya Xbox ilikuwa sawa kuwa lazima au hiari? Kibandani tumeshindwa kuelewana

Mwenye kibanda, Mabatini:

Wakuu habari za jioni. Jana kibandani kwangu, pale ninapochezesha watu gemu kwa hela, kulitokea ubishi mpaka watu wakasahau kwamba mechi yao inaendelea na jero imeshaingia, nikaona niulete huku kila mtu amwage lake. Ubishi wenyewe ni huu, kampuni ikitengeneza mashine ya gemu ina haki ya kukulazimisha ununue na kamera yake kwenye boksi moja, au kamera iwe hiari, anayeitaka aongeze hela yake?

Kwa wasioijua hii stori, mwaka 2010 Microsoft walitoa kamera inaitwa Kinect ya kuchomeka kwenye mashine yao ya gemu, Xbox 360, unasimama mbele ya TV mikono mitupu, mwili wako ndo pedi, ukirusha teke na jamaa wa kwenye skrini anarusha. Ikaenda kama karanga, milioni 8 ndani ya siku 60 za mwanzo, na hiyo ilikuwa ya hiari, watu waliifuata wenyewe. Sasa Mei 2013 wakaitambulisha Xbox One na Kinect mpya, safari hii wakasema ni lazima, usipoichomeka mashine haifanyi kazi. Bei dola 499. Wapinzani wao Sony mashine yao PS4 wakaiweka 399, kamera yao wakaiuza pembeni. Zikapigwa kelele za kutosha, Agosti mwaka huohuo Microsoft wakalegeza kwamba ukiichomoa mashine itaendelea kuwaka, lakini kwenye boksi ilibaki palepale na hela yake umeshatoa. Juni 2014 ndo wakaanza kuuza Xbox One isiyo na Kinect kwa 399.

Mi nasema walikuwa sahihi kuitoa, kosa lao ni kuchelewa. Na sisemi kwa kusikia, yamenikuta.

Wanaoijua Mabatini ya hapa Mwanza wanajua nyumba zetu kule mlimani zilivyoegemea mawe. Kibanda changu kina kuta tatu za tofali, ya nne ni jiwe lenyewe, fundi alilikuta na akaliacha. Kutoka kwenye TV mpaka kwenye jiwe ni hatua mbili, na benchi imo humohumo. 2019 nikapata Xbox One ya mtumba, nikamwambia muuzaji kaka nipunguzie laki, kamera baki nayo mi nipe mashine na pedi mbili. Jamaa akanikazia, seti haivunjwi. Nikalipa huku roho inauma, nikaifunga juu ya TV kwa waya wa kufungia mbuzi nikajipa moyo labda itavuta wateja.

Ile kamera inataka usimame mbali nayo kama mita moja na nusu hivi ndo ikushike vizuri. Wateja wangu magoti yanakaribia kugusa TV. Ikawa inaona vichwa na mabega, miguu haina habari nayo, mtu anapiga teke la nguvu anampiga mwenzie wa benchi na kwenye skrini hakuna kilichotokea. Siku moja ikalikamata koti langu la mvua lililotundikwa kwenye msumari kule pembeni ya jiwe, ikalihesabu ni mchezaji wa pili, na likawa linaongoza. Madogo wakasema koti limesajiliwa na timu ya Pamba. Halafu ile ya kuiongelesha, inajua lugha za wenyewe huko, Kiswahili haijui sembuse Kisukuma, madogo jioni nzima wanaifokea "Ekisboksi oni" na yenyewe inawaangalia tu.

Na LUKU je? Ili ikusikie ukiita lazima mashine isizimwe kabisa, ilale jicho moja wazi, na ikilala hivyo inakula wati 15 hivi. Piga hesabu masaa 16 kibanda kimefungwa, kwa mwezi ni uniti saba zimeenda kusubiri mtu aseme oni.

Wiki ya tatu nikaichomoa, iko kwenye boksi la sabuni chini ya kitanda mpaka leo. Nani anabisha?

Mdau wa Kirumba:

Sibishi ila umeacha kubwa kuliko yote. Wamewaonyesha watu hiyo mashine Mei 2013, haijapita mwezi Juni Snowden anamwaga siri za ujasusi wa Wamarekani na Microsoft wenyewe wametajwa kwenye zile nyaraka za PRISM, ule mpango wa serikali yao wa kuchukua data za watu mtandaoni. Muda huohuo unaniambia niweke sebuleni kamera inayoona gizani na maiki inayosikiliza mashine ikiwa imelala? Na ni lazima? Hata kama hawakuwa na nia mbaya, mtu akikuambia kitu hiki lazima kikuangalie ndo ukae kwa amani, unaanza kumtazama upya.

Dogo wa Igogo:

Bro wa Kirumba simu yako ina kamera mbele na nyuma na maiki na unaenda nayo mpaka chooni, tuache hayo. Mi hoja yangu ni moja, watu wanataka mpira. Tukija kibandani tunataka pedi isiyo na analogi mbovu, vile vijiti vya kuongozea, basi. Nani kaja kulipa jero aruke ruke kama yuko kwenye mchakamchaka

Fundi wa Makoroboi:

Mnaongelea hela na nafasi mmesahau nguvu ya mashine. Kulikuwa na kama asilimia 10 ya uwezo wa kuchora picha imetengwa kwa ajili ya Kinect na mambo ya mfumo, uwe unaitumia usiitumie. Walipoifanya hiari Juni 2014 ndo wakawaruhusu watengenezaji wa gemu waichukue hiyo sehemu kama gemu yao haihitaji kamera. Maana yake kabla ya hapo ulikuwa unalipia kodi ya chumba ambacho amepangiwa mtu mwingine na hajawahi kuhamia. Na ile mashine ilikuwa tayari inazidiwa picha na PS4, kila mtu aliyeweka TV mbili pembeni aliona.

Halafu bei, mnaangalia hiyo tofauti ya dola 100 mnaona ndogo. Oktoba 2014 walipoanza kuiuza Kinect peke yake waliipa bei ya dola 150. Hapo jiulizeni wenyewe ndani ya boksi nani alikuwa anaibeba ile 50.

Mwalimu wa Nyegezi:

Wadogo zangu hamjambo. Nimewasoma wote na nyote mnaongea kama watu wenye vidole kumi vinavyotii.

Mwanangu ana miaka 11. Vidole vya mkono wa kulia havikunji, kazaliwa hivyo. Pedi kwake ni adhabu, kile kitufe cha nyuma anakifikia kwa kidevu, binamu zake wakija likizo anawaangalia tu anajifanya hapendi gemu. Mjomba wake alipotuletea Xbox 360 ya zamani na Kinect yake, tulitoa meza sebuleni tukasogeza makochi mpaka mlangoni, tukaweka ile ya kurusha tufe liangushe vichupa. Anarusha mkono wowote anaotaka. Akawapiga binamu zake wote watatu siku hiyo, mmoja akalia. Sijawahi kufurahia mtoto wa dada yangu kulia ila siku ile Mungu anisamehe.

Sasa niwaambie ubaya wa hiari yenu. Kitu kikiwa lazima, anayetengeneza gemu anajua kila nyumba yenye mashine ina kamera, anatengeneza. Kikiwa hiari anasema wenye kamera ni wachache kwa nini nihangaike, gemu haziji, gemu zisipokuja hakuna wa kununua kamera. Tazameni wenyewe, 2014 imekuwa hiari, 2016 wametoa Xbox One S haina hata tundu la kuichomekea, 2017 wameacha kuitengeneza kabisa. Kwa hiyo kaka wa Mabatini, hiari uliyoishangilia wewe, kwangu ilifika ikiwa "hakuna".

Mdau wa Kirumba:

Hapa mwalimu kapiga sehemu. Nasubiri mwenye mada

Mwenye kibanda, Mabatini:

Mwalimu shikamoo, umenikalisha chini. Nilisoma nikaenda kwanza kuweka uniti nikarudi kusoma tena.

Lakini nikujibu, na usinichukulie vibaya. Hiyo gemu anayowapigia binamu zake ni ya enzi za Xbox 360, na kule Kinect ilikuwa hiari tangu siku ya kwanza. Watu walinunua kwa mamilioni, watengenezaji wakaona kuna soko wakatengeneza, zikaja za michezo zikaja za kudansi. Lazima ilikuja 2013, na toka Novemba mashine ilipoingia sokoni mpaka Juni kila boksi lina kamera, watengenezaji wana ile guarantii unayoisema, je walileta nini? Ile Kinect Sports Rivals ya Aprili 2014 na vingine vya kuhesabu kwa vidole. Walikuwa na kila nyumba na bado hawakuja. Maana kamera kuwepo ndani haimaanishi inatumika, mimi ninayo, iko chini ya kitanda, kwenye hesabu zao nilikuwa nahesabika ni mtu wa Kinect.

Na wanunuzi walionyesha wazi, Marekani Juni ile ya 399 Microsoft wenyewe walisema mauzo yamekuwa zaidi ya mara mbili ya Mei. Yani watu walikuwa mlangoni wanasubiri kile kitu kitolewe ndo waingie.

Ila hapo kwenye tundu nakuunga mkono, mkono wote. Nilikuwa nawaza 2014 na 2016 ni jambo moja kumbe ni mawili. Mwenye nyumba akisema feni si lazima, atakayetaka anunue yake, huyo muungwana. Akirudi baada ya miaka miwili akang'oa na soketi ukutani halafu anasema si nilisema ni hiari, huyo kakuchezea. Wangeacha tundu. Mimi nisiye na nafasi nisilipe, na dogo wako achomeke.

Fundi wa Makoroboi:

Kulikuwa na adapta lakini kwa haki tuseme, kifaa cha kuunganishia Kinect kwenye S. S ilipotoka, aliyekuwa na Xbox One ya kwanza na Kinect yake akanunua S alipewa adapta bure kwa muda fulani, wengine wananunua. Mwanzoni mwa 2018 nayo ikatangazwa haitengenezwi tena. Kwa sasa kuipata ni bahati, mimi nimeishika moja tu hapa dukani na haikukaa siku mbili, bei sitaji maana mtanitukana.

Dogo wa Igogo:

Mwalimu mi nafuta ile ya mchakamchaka. Mwambie dogo kuna mtu Igogo anataka mechi ya hivyo vichupa

Mwalimu wa Nyegezi:

Nitamwambia, ila jiandae kulia. Kaka wa Mabatini nimekuelewa, hiyo ya soketi naikubali, ile ya kwamba lazima haikuleta gemu bado inanikaa vibaya maana miezi saba ni muda gani jamani, hata shamba la mihogo halijakomaa. Ungewapa miaka mitatu ndo useme hawakuja.

Tena mimi mwenyewe hiyo habari ya tundu imenila. Mwaka jana ile 360 ilianza kuzima yenyewe katikati ya mchezo, nikanunua hiyo S ya mtumba nikijua kamera tunayo nyumbani. Nimefika, kwanza Kinect ya 360 haiingiliani na Xbox One yoyote, pili S yenyewe haina pa kuchomeka hata hiyo nyingine. Aliyeniuzia alisema "hiyo ni hiari mama". Mtoto aliniangalia nikaona aibu kana kwamba mimi ndo niliziba lile tundu.

Mwenye kibanda, Mabatini:

Subiri mwalimu. Yangu mimi ni ile nene ya kwanza, tundu lake lipo na kamera yake ndo hiyo chini ya kitanda. Wewe una S. Kwangu S ni ndogo, inakaa pale juu ya rafu na inanibakizia nafasi ya benchi, na picha zinaenda zilezile. Tubadilishane mashine kwa mashine, kamera naongezea, na ile Rivals kuna jamaa ananidai hela ya pedi anayo CD yake nitamwomba, humo nayo kuna tufe na vichupa.

Fundi wa Makoroboi:

Kabla hamjabadilishana pitisheni zote mbili kwangu nizifungue nizipulize vumbi, sichukui hela. Ya Mabatini hasa, najua vumbi la kule.

Mwalimu wa Nyegezi:

Kaka siamini. Jumamosi nije kibandani na mtoto tuijaribie hapo?

Mwenye kibanda, Mabatini:

Huku usimlete, hatua mbili na jiwe, haitamwona atasikitika bure. Nitaipitisha kwa fundi Ijumaa, Jumamosi naileta mwenyewe na daladala ya Nyegezi. Nyie toeni tu meza sebuleni, na kama kuna koti limetundikwa ukutani liondoeni.