RAM inajaa nikisoma data za CMS

Swali: Habari wakuu. Natafuta kilele cha bosoni Z (aina ya chembe ya msingi) kwenye data huria za CMS, kigunduzi cha chembe pale maabara ya CERN, kwa kutumia uproot (maktaba ya Python ya kusoma data hizo), ila laptopu ya GB 8 inaganda. Nifanyeje?

Jibu: Usipakie faili zima, mkuu. Chukua safu za nMuon (idadi ya muoni, chembe kama elektroni ila nzito zaidi), Muon_pt (msukumo wa kukingama), Muon_eta na Muon_phi (mwelekeo) na Muon_charge (chaji) tu. Tumia uproot.iterate yenye step_size="100 MB", ujaze histogramu kipande kwa kipande. Baki na matukio yenye muoni 2 za chaji kinyume, kisha kokotoa tungamo m la kila jozi: m² = 2·pt₁·pt₂·(cosh Δη − cos Δφ). Kilele kitakaa karibu na GeV 91 (GeV ni kizio cha nishati na tungamo la chembe).

Jibu: Ukihamia data za ATLAS, kigunduzi kingine cha CERN, angalia vipimo kwanza. Matoleo ya awali yanaandika pt kwa MeV (sehemu ya elfu ya GeV), kwa hiyo kilele kinaruka hadi 91,000. Gawa kwa 1,000. Na kama unalenga ajira kwenye majaribio ya CERN, Python pekee haitoshi. Jifunze C++ na ROOT (programu ya CERN ya kuchambua data) mapema.

Swali: Nimeelewa, asanteni sana.