Naomba ushauri: stoo ya kuunganisha, kutu ishaanza

Hamjambo wenzangu. Nataka kusimamisha stoo ya mabati uani, futi 8 kwa 10, ya magunia ya chakula cha kuku na baiskeli za watoto. Nimenunua ile ya vipande vya kuunganisha mwenyewe, maana bei ya fundi na mbao ilinikalisha chini. Sasa tuko Likoni, bahari hii hapa. Skrubu nilizoziacha barazani wiki tatu tu zishaota kutu, na stoo yenyewe haijasimama! Nimezipaka grisi, wapi. Uani nako mchanga mtupu.

Je, nibadilishe skrubu zote niweke za stenlesi, ama rangi ya kuzuia kutu yatosha? Na chini nimwage zege, ama nguzo za boriti zitahimili upepo wa Kusi? Shukrani.