Naomba ushauri: filamu za Boston zenye maisha ya watu

Habari zenu wakuu. Naomba mnisaidie filamu za drama zinazotokea Boston, Marekani. Nilianza na Good Will Hunting ya 1997, yule kijana wa South Boston anayefanya usafi chuoni MIT huku kichwa chake cha hesabu kikiwashinda maprofesa. Nikaja Mystic River ya Clint Eastwood, 2003. Hiyo bado iko moyoni. Marafiki watatu wa mtaa mmoja, mmoja anatekwa akiwa mtoto, na jeraha lile linawafuata wote hadi ukubwani. Sean Penn na Tim Robbins walistahili kabisa Oscar walizopata. Spotlight nimeshaiona.

Ninachotafuta ni ule mtaa wenyewe: familia zenye asili ya Ireland, kanisa Katoliki, kipato cha chini, na watu wanaofichiana siri mpaka zinawaumiza. The Departed ni nzuri, lakini mambo ya majambazi na polisi siyahitaji kwa sasa.

Je, Gone Baby Gone ya Ben Affleck ina uzito huo? Au nitangulize The Verdict ya 1982, Paul Newman akiwa wakili mlevi? Na kama mnaijua yoyote inayowahusu watu weusi wa Roxbury, mtaa mwingine wa Boston, naombeni jina na mwaka.