Lemberger kavu na pilau ya Jumapili: naomba ushauri

Mkwe_wa_Heilbronn aliandika:
Wanajukwaa, salaam. Ninaishi Heilbronn, katika eneo la Württemberg nchini Ujerumani, ambako vilima vimejaa mizabibu. Jumapili wazazi wa mke wangu watakuja kula kwetu, na baba mkwe ametanguliza chupa mbili za divai nyekundu ya Lemberger iliyoandikwa "trocken", yaani kavu, akisema chakula nichague mwenyewe. Nilikusudia kupika pilau ya nyama ya ng'ombe na kachumbari ya pilipili mbuzi. Jana nilinunua chupa ya aina hiyohiyo ili nijaribu, nikainywa pamoja na kachumbari, kinywa kikawaka na divai ikageuka chungu. Je, kosa ni la divai, la chakula, au ni langu nisiyeizoea?

Bi_Karafuu alijibu:
Kosa ni la pilipili, ndugu yangu. Divai nyekundu ina ukakasi utokanao na maganda na kokwa za zabibu, ukakasi wa jamaa moja na ule wa bibo, na pilipili kali huuzidisha pamoja na ule mwako wa kileo. Nyama yenye mafuta hufanya kinyume chake, kwa kuwa huulainisha. Pilau usiiache, kwa sababu Lemberger yenyewe huwa na harufu ya matunda meusi na pilipili manga, hivyo haitashangaa ikikutana na mdalasini na karafuu. Punguza tu bizari nyembamba, ambayo hupenda kutawala.

Mzee_wa_Jiko alijibu:
Kwa heshima zote, Bi Karafuu, mimi ningempikia mkwe chakula cha kwao. Wenyeji wa Württemberg huinywa Lemberger pamoja na Zwiebelrostbraten, ambayo ni steki ya ng'ombe iliyofunikwa vitunguu vya kukaanga na mchuzi mzito, ikiandamana na tambi za mayai ziitwazo Spätzle. Nyama ya paa au ya nguruwe mwitu pia huifaa, na asiyetaka gharama apike adesi kwa Spätzle. Samaki wa kuchemsha ndiye nisiyemshauri kabisa. Kwa samaki huyo hata Spätburgunder, divai nyekundu iliyo nyepesi zaidi, inahitaji uangalifu.

Mkwe_wa_Heilbronn aliandika:
Nashukuru, Mzee, lakini kumpikia mama mkwe Spätzle ni kujitafutia mtihani. Je, neno "trocken" maana yake ni kwamba haina sukari kabisa?

Pishi_la_Divai alijibu:
Hapana. Kwa sheria, divai ya "trocken" huwa na sukari isiyozidi gramu 4 kwa lita, na inaweza kufika gramu 9 endapo uchachu wake haupungui sukari hiyo kwa zaidi ya gramu 2. Ukiona "halbtrocken" (nusu kavu) au "lieblich" (yenye utamu), hapo utamu umeanza kuonekana. Tazama pia kama imekaa katika mapipa madogo ya mwaloni, maana neno "Barrique" huandikwa kwenye chupa, na divai ya namna hiyo huwa nzito zaidi, ikitaka nyama iliyokolea na si kuku mweupe.

Nina shaka nyingine: uliinywa ikiwa na joto gani? Nyumba zetu za huku zikiwashwa mitambo ya kupasha joto hufika nyuzi 22, na hapo kileo hutangulia kila ladha nyingine. Iweke kwenye jokofu kwa takriban nusu saa, iwe kati ya nyuzi 16 na 18.

Mkwe_wa_Heilbronn aliandika:
Ilikuwa juu ya kabati, karibu kabisa na kipasha joto. Leo nimeipoza na kuinywa kwa pilau ya kiporo bila kachumbari, na uchungu sikuuona. Nimeamua: pilau ibaki, nyama iwe ya mbavu yenye mafuta, na pilipili iwekwe katika kibakuli changu peke yangu.