Naomba ushauri: chetezo cha jade, muuzaji anasema ni cha enzi ya Qianlong

Mzigo_Kariakoo: Wakuu, habari za majukumu. Nipo Guangzhou nafunga mzigo, jana nikapita soko la jade, yale mawe ya thamani ya kijani, la Hualin. Kuna chetezo kimenikaa moyoni: kijani kilichopauka, kimo kama shibiri, miguu mitatu, masikio mawili yenye pete zinazoning'inia, kifuniko kimetobolewa maua na juu yake kakaa simba anakenua meno. Chini kuna herufi nne, eti mhuri wa Mfalme Qianlong wa China. Cheti cha maabara kipo. Anataka yuan 9,000. Nimemtumia picha shangazi yangu Unguja, keshasema atakifukizia udi. Nichukue?

Jicho_la_Mnada: Mkuu, Qianlong alitawala 1736 hadi 1795, na mhuri wake unachongwa mpaka leo kwenye kila kinachouzika. Halafu jiulize: China hairuhusu vitu vya kale vya mwaka 1911 kurudi nyuma kutolewa nje ya nchi. Kwa hiyo muuzaji akiwa mkweli, forodha wanabaki nacho. Ukiruhusiwa kupita nacho, si cha Qianlong. Hiyo 9,000 unalipia nini?

Dada_Vito: Usibabaishwe na cheti. Maabara hutaja aina ya jiwe, si umri wake. Na hata kikiandikwa "Hetian", yaani Hotan kwa Kichina, kwa viwango vya China maana yake ni nefraiti tu, aina mojawapo ya jade, si lazima itoke Hotan kule Xinjiang.

Jade hasa ni mawe mawili: nefraiti, ndiyo ya Wachina tangu kale, na jadeiti ya Burma iliyoanza kuingia kwa wingi karne ya 18. Ila sokoni utauziwa kwa jina hilohilo sapentini, jiwe jingine la kijani kutoka Xiuyan huko China, laini, rahisi kuchonga. Vyombo vingi vya mapambo vya saizi hiyo ni hiyo.

Mwombe mtu wa duka mpime hapo hapo. Kwanza uzito wake mkavu. Kisha weka bakuli la maji juu ya mizani, rudisha sifuri, kining'inize kwa uzi kizame chote bila kugusa bakuli, na mapovu yatoke kwenye matundu. Gawanya uzito mkavu kwa namba utakayoiona. Nefraiti huja karibu na 2.95, jadeiti 3.3, sapentini kama 2.6.

Kijana_wa_Ilala: Sista, hapo umenipeleka fomu tuu mchana kweupe 😂

Mzigo_Kariakoo: Nimerudi. Mzee kanicheka lakini kakubali. Kikavu gramu 870, ndani ya maji mizani ikasoma 334.

Dada_Vito: 2.6. Sapentini hiyo. Kuchongwa kimechongwa vizuri, usikidharau, ila bei ni ya jiwe lingine. Angalia pia zile pete: zikiwa zimetolewa kwenye jiwe moja na chombo, huoni mshono. Ukiona mstari wa gundi, shusha bei zaidi.

Mzigo_Kariakoo: Mshono hakuna. Nilivyogeuka kuondoka kashuka mwenyewe mpaka 1,500.

Jicho_la_Mnada: Mpe 800 na uendelee kutembea.

Bi_Ubani: Mwanangu, mwambie shangazi asitie kaa la moto humo, jiwe litapasuka. Wachina wenyewe hujaza majivu kwanza, moto ukae juu ya majivu. Akitaka lazima, atie kikombe kidogo cha shaba ndani, majivu chini yake, na kipande cha udi chembamba. Na kifuniko asifunike kaa likiwa jekundu, yule simba atakuwa wa kwanza kupasuka.

Mzigo_Kariakoo: Shukrani sana Bi mkubwa. Nimekipata kwa 950. Nakitia kwenye kontena au?

Jicho_la_Mnada: Kontena la nini tena? Kifuniko kifunge peke yake, pete zizungushie pamba zisigongane, uingie nacho kwenye ndege mkononi. Risiti yenye tarehe na neno "kipya" iwe mfukoni, forodha wakikuuliza.