Kadi ya michoro isiyo na kelele kwa kompyuta kongwe za kasha jembamba: GT 1030, P620, RX 550 au ipi?

DadaWaRedio, Arua
Habari zenu. Nina chumba kidogo cha kurekodi matangazo ya redio hapa Arua, na siku hizi wateja wanataka na video fupi za Kiswahili na Kilugbara. Kompyuta ni mbili: Dell OptiPlex 7010 na HP Compaq 8300 Elite, zote za kasha jembamba, prosesa i5 ya kizazi cha tatu, rami GB 8. Kwenye sauti hazijawahi kuniangusha. Video ndiyo inazishinda: YouTube ya 1080p inakwamakwama, na nikimaliza kukata video nasubiri sana itoke.

Maikrofoni iko hapo hapo chumbani, kwa hiyo feni inayolia itasikika kwenye kila tangazo. Halafu umeme ukikatika tunahamia kwenye sola na inveta, wati nazihesabu moja moja.

Kampala nimeonyeshwa GT 710 mpya, GT 1030 mpya, Quadro P620 iliyotumika, GTX 750 Ti, GTX 1650 fupi na RX 6400. Muuzaji anazitofautisha kwa GB za kumbukumbu tu. Ninyi mngechukua ipi?

FundiWilsonRoad
Nyabo, GB ziache kwanza. Anza na kasha. Pawasaplai za hizo mashine mbili ni za wati 240, na hazina waya wa kulisha kadi, kwa hiyo umeme wote utatoka kwenye sloti, yaani lile tundu la ubao mama kadi inapochomekwa. Sloti ya PCIe kwa kawaida hutoa hadi wati 75, lakini watengenezaji wa makasha membamba mara nyingi huweka kikomo cha chini kuliko hapo. Tafuta mwongozo wa mashine yako usome. Mimi GTX 1650 ya wati 75 naitoa, na 750 Ti ya wati 60 naitoa pia. Zinaweza kuwaka vizuri pale dukani, lakini joto la Arua ndani ya kasha lile ni jambo jingine.

GT 710 inakula wati 19 tu na nyingi hazina feni kabisa, ndiyo maana inakuvutia. Usiichukue kwa kazi hii. Ni ya kizazi cha zamani cha NVIDIA kiitwacho Kepler, haijui kusimbua (yaani kufungua video ili ionekane) VP9, muundo wa video ambao YouTube inautumia sana, kwa hiyo mzigo utabaki kwa prosesa ile ile. Draiva zake za kawaida zilikoma 2021. Inafaa mtu aliyeharibikiwa tundu la VGA, basi.

GT 1030 ni wati 30, imetoka 2017, na kuna matoleo mafupi yasiyo na feni ya ASUS, MSI na Gigabyte. VP9 inasimbua. Ila kuna mtego wa aina ya kumbukumbu: zipo za GDDR5 na zipo za DDR4, jina moja, boksi zinafanana. Ya GDDR5 inapitisha GB 48 kwa sekunde, ya DDR4 GB 16.8. Ukiona DDR4 kwenye boksi, rudisha kaunta.

MpigaPichaMbarara
Fundi amesema kweli, ila kuna jambo linalomhusu dada moja kwa moja. GT 1030 haina sehemu ya kusimba video, yaani kuibana iwe faili la kutolewa. Kutazama itamsaidia, kutoa video iliyokatwa haitamsaidia, kazi inarudi kwa prosesa. Kwa mtu anayetengeneza video hilo ni pengo kubwa.

Quadro P620 inayo. Ni wati 40, GB 2, sloti moja, fupi, haihitaji waya. Ninayo kwenye OptiPlex ya kazini, kwa picha na video za harusi, na feni yake siisikii mpaka niinamishe kichwa kwenye kasha. Wati zikikubana zaidi ipo P400 ya wati 30, dhaifu kidogo lakini nayo inasimba. Kadi hizi ziliuzwa kwa ofisi za wahandisi na wasanifu, hazikuwa kipenzi cha wachimba sarafu za kidijitali, kwa hiyo zilizotumika nyingi bado zina afya.

Hakikisha tu unapewa na kibati kifupi cha mgongoni. Wauzaji wengi wanatoa kirefu peke yake, na bila kifupi kadi haikai kwenye kasha lako.

MwalimuGulu
Mbona mnajadili NVIDIA peke yake? Windows 10 iliisha kusaidiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa za kizazi cha tatu hazimo kwenye orodha ya Windows 11. Maabara yetu ya shule tumeihamishia Linux Mint. Huko RX 550 ya AMD ni raha: draiva imo ndani ya mfumo wenyewe, unachomeka, unawasha, unafanya kazi. Wati 50.

Tena wenye P620 na GT 1030 wajue kwamba kizazi chao, Pascal, kilipata draiva za kawaida za mwisho Oktoba 2025. Zilizobaki ni za usalama, hadi Oktoba 2028.

MpigaPichaMbarara
Mwalimu, kwa draiva nakuunga mkono. Lakini RX 550 ni ya kizazi cha AMD kiitwacho Polaris, na Polaris haisimbui VP9 kwa maunzi yake. Dada ameanza na malalamiko ya YouTube. Atatoa pesa, na lile lililomleta hapa halitatatuliwa.

MwalimuGulu
Basi atafute NVIDIA T400. Imetoka 2021, ni ya kizazi cha Turing, na Turing bado inapata draiva kamili. Wati 30, fupi, sloti moja, inasimbua VP9 na inasimba pia. Ni adimu kuliko P620, lakini akiiona asiiache.

Na RX 6400 mbona hakuna aliyeigusa? Muuzaji atamwambia ni ya 2022, mpya kuliko zote.

FundiWilsonRoad
Ni kadi nzuri kwenye mashine mpya. Inatumia njia nne tu za PCIe, imetengenezewa PCIe 4.0, na OptiPlex yake inaishia 3.0, kwa hiyo inapungua nguvu. Haisimbi video. Wati 53. Kwa matumizi yake sioni inamsaidia nini.

KijanaWaNjeru
Dada, shikamoo. Kabla hujatuma pesa Kampala jaribu yasiyo na gharama. OptiPlex 7010 ina DisplayPort mbili na VGA nyuma, kwa hiyo skrini ya pili unaweza kuipata bila kadi. Kwa YouTube weka kiongezi cha kivinjari kinachoitwa h264ify, kinailazimisha ikupe muundo wa H.264 badala ya VP9, na huo i5 yako inausimbua bila kutoka jasho. Angalia pia rami: kama ni kipande kimoja cha GB 8, badilisha viwe viwili vya GB 4, maana michoro ya ndani ya prosesa inakopa rami hiyo hiyo, na vipande viwili hufanya kazi pamoja kwa kasi zaidi.

DadaWaRedio, Arua
Marahaba. Nimeweka h264ify kwenye HP sasa hivi na YouTube imetulia kabisa. Asante sana! Kwa hiyo HP naiacha bila kadi, iwe ya sauti. Dell ndiyo ya video. Nabaki na maswali mawili: isiyo na feni ni salama kwa joto la huku na vumbi letu? Na monita yangu ni ya VGA.

FundiWilsonRoad
Kadi isiyo na feni inategemea upepo wa feni ya kasha. Vumbi likiziba kule mbele, mabati ya kupozea yanapika na kadi inapunguza mwendo yenyewe. Ipulizwe mara kwa mara, utakuwa salama. Kwa maikrofoni ningetazama pia diski. Kama bado ni ile ya kuzunguka, mvumo wake unaweza kuzidi wa P620. Weka SSD, wati nazo zinapungua.

VGA: P620 na T400 zote zina matundu ya mini DisplayPort tu. Nunua adapta ya mini DisplayPort kwenda VGA siku hiyo hiyo.

Na kwa yoyote iliyotumika, mwambie muuzaji aichomeke na afungue GPU-Z, programu inayosoma utambulisho wa kadi, mbele yako. Ziko kadi za zamani zilizobadilishwa jina ndani ya BIOS (programu ya msingi ya kadi) zikauzwa kama GTX 1050 Ti, na GPU-Z ikizitambua inaandika FAKE mwanzoni mwa jina. Akikataa kuichomeka, duka la jirani liko wazi.

DadaWaRedio, Arua
Basi ni T400 nikiipata, nikiikosa P620, pamoja na kibati kifupi na adapta. Ndugu yangu anashuka Kampala Ijumaa. Fundi, anaweza kuja kwako uikague kabla hajalipa?

FundiWilsonRoad
Aje asubuhi, kabla mtaa haujajaa. Abebe na monita ya VGA kama anaweza, tuijaribu na adapta yake.